Shajara ya mradi: kuhifadhi data za baineri kwenye faili kwa PHP bila baiti hata moja kubadilika

Kazi yenyewe: kivinjari kinatuma picha na sauti, skripti ya PHP inazipokea na kuziandika kwenye diski ya seva, kisha anayezihitaji anazipata zikiwa vilevile zilivyotumwa. Mazingira ni Linux, nginx (seva ya wavuti) na PHP-FPM 8.2 (kinachoendesha skripti za PHP nyuma yake). Hatua zilizokwenda sawa zimetajwa kwa ufupi. Zilizoharibika zimeelezwa kwa urefu, maana ndizo zitakazomkuta anayeiga.

4 Februari 2025: faili la kupimia

Kabla ya kuandika skripti yoyote tumetengeneza kipimo. Picha ya kawaida haifai kwa kazi hii. JPEG iliyoharibika katikati mara nyingi hufunguka tu ikiwa na michirizi, na PNG iliyokataa kufunguka haikuambii kilichoisibu. Kipimo chetu kina baiti 256, kila thamani kuanzia 00 hadi FF (kwa hesabu ya msingi wa 16), mara moja, kwa mpangilio:

```
php -r 'for ($i = 0; $i < 256; $i++) echo chr($i);' > kipimo.bin
```

Faida yake ni kwamba kila aina ya uharibifu inajitaja kwa urefu wa faili linalotoka upande wa pili:

- 257: kila 0A (mwisho wa mstari kwa Linux) imegeuzwa 0D 0A (mwisho wa mstari kwa Windows). Mahali fulani data zimepita katika hali ya maandishi, kwa mfano FTP iliyoachwa kwenye ASCII.
- 384: baiti zilidhaniwa ni Latin-1 (mfumo wa baiti moja kwa kila herufi) zikageuzwa UTF-8 (mfumo ambao herufi inaweza kuchukua baiti zaidi ya moja). Zile 128 za juu, 80 hadi FF, kila moja imekuwa mbili. Hii inarudishika.
- 512: baiti zilisomwa kana kwamba ni UTF-8. Kila moja ya zile 128 haikueleweka, ikabadilishwa na EF BF BD, yaani baiti tatu. Hii hairudishiki, kwa kuwa zote 128 sasa zinafanana.
- 0: kuna programu njiani inayoichukulia 00 kuwa mwisho wa maandishi.

Kipimo kina upofu mmoja. Ndani yake 0A haitanguliwi na 0D, kwa hiyo kikipita kwenye kitu kinachogeuza 0D 0A kuwa 0A, kitatoka salama na kukudanganya. Kwa sababu hiyo tunatuma pia PNG moja. Baiti nane za mwanzo za PNG ni 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A, na waliozichagua walikusudia hasa kunasa ugeuzaji wa namna hii.

Ukaguzi ni wa `cmp kipimo.bin kilichorudi.bin`, inayotaja baiti ya kwanza iliyotofautiana, kisha `xxd` kuitazama kwa macho.

Gharama: nusu saa. Imejilipa kesho kutwa yake.

6 Februari: base64 ndani ya fomu, imeshindwa

Njia ya kwanza ilikuwa ile inayoonekana kila mahali: kivinjari kinageuza data kuwa base64 (njia ya kuandika baiti zozote kwa herufi 64 za kawaida), kinaziweka kwenye sehemu ya fomu, seva inaita `base64_decode($_POST['data'])` na kuandika kwa `file_put_contents`.

Kipimo kilirudi na baiti 252. Baiti 62 za mwanzo zilikuwa sahihi. Ya 63, palipotakiwa 3E, palikuwa na 0F, na kuanzia hapo kila kitu kimehama.

Sababu: base64 inatumia alama ya kujumlisha kama mojawapo ya herufi zake 64, na katika fomu ya `application/x-www-form-urlencoded` alama hiyo husomwa kuwa nafasi tupu. Kipimo chetu kikiwa base64 kina herufi 344, sita kati yake ni `+`. Zote sita zilifika seva zikiwa nafasi tupu, na `base64_decode` ikaziruka kimyakimya. Zikabaki herufi 336 ukiacha mbili za `=` mwishoni, nazo ni sawasawa na baiti 252.

Tulidhani kuweka `true` kama hoja ya pili ya `base64_decode` kungetosha, kwa kuwa hali hiyo hukataa herufi ngeni. Kweli ilirudisha `false`, ila kwa bahati. PHP inavumilia nafasi tupu hata katika hali hiyo kali. Iliyokataliwa ni hesabu ya `=`, ambayo haikulingana tena na idadi ya herufi. Tulipoondoa baiti ya mwisho, faili likabaki na 255 na base64 yake ikawa haina `=` kabisa. Hapo hali kali ikapitisha baiti 250 bila kulalamika. Asitegemee mtu `true` kama mlinzi wa kosa hili.

Kosa la pili siku hiyohiyo: matokeo ya `canvas.toDataURL()` yalitumwa mazima, pamoja na kianzio chake `data:image/png;base64,`. Bila hali kali, nukta mbili, nukta mkato na mkato vinarukwa, lakini herufi nyingine 19 ni halali katika base64 na zinafumbuliwa kama data. Faili la namna hii linatambulika mara moja: linaanza na 75 AB 5A, ambayo ndiyo neno "data" likifumbuliwa. Ukiikuta hiyo kwenye `xxd`, usitafute zaidi. Kwa kosa hili hali kali inasaidia kweli, kwa kuwa nukta mbili haivumiliwi.

Tiba: upande wa kivinjari, pitisha maandishi kwenye `encodeURIComponent`, upande wa seva, kata kila kitu hadi mkato wa kwanza. Wapo wanaotibu kwa `str_replace(' ', '+', ...)` kwenye seva. Inafanya kazi, ila ni kiraka juu ya mtumaji anayekosea.

Gharama: siku nzima.

8 Februari: vikomo, na faili la baiti sifuri

Njia ya base64 iliporekebishwa, sauti ya MiB 1.5 (MiB moja ni baiti 1,048,576) ilikataliwa kwa jibu la 413 (ombi ni kubwa mno). Hiyo ni nginx, si PHP: `client_max_body_size` ni 1m usipoigusa. Tumeipandisha hadi 64m.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Sauti ya MiB 7 ilipokelewa kwa jibu la 200 (yote sawa), na kwenye diski kukawa na faili la baiti 0. `post_max_size` ya PHP ni 8M kwa chaguomsingi, na base64 inaongeza theluthi moja, kwa hiyo chochote kinachozidi MiB 6 kinavuka. Kikomo hicho kikivukwa PHP haisimamishi skripti. Inaandika onyo kwenye logi na kuiendesha skripti huku `$_POST` na `$_FILES` vikiwa vitupu. Skripti yetu ilikuwa na `$_POST['data'] ?? ''`, ikafumbua utupu, ikaandika utupu, ikashukuru.

Kikomo kilipopandishwa likaja hili: `Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted`. Hesabu yake ni rahisi. Faili la MB 36 ni MB 48 za base64 ndani ya `$_POST`, MB 48 nyingine baada ya kukata kianzio, na MB 36 zilizofumbuliwa: jumla MB 132, wakati `memory_limit` ni 128M. Kuongeza kikomo kunasogeza tatizo mbele tu, maana watu kumi wakituma kwa pamoja kumbukumbu ya seva ndiyo itakayolipa. Njia ya base64 tumeiacha.

11 Februari: mwili mbichi wa ombi

Kivinjari sasa kinatuma Blob yenyewe, yaani data mbichi za baineri:

```
fetch('/pokea.php', {
  method: 'POST',
  headers: {'Content-Type': 'application/octet-stream'},
  body: blob
});
```

Seva inasoma `php://input` kipande kwa kipande na kuandika papo hapo. Kumbukumbu inayotumika haitegemei tena ukubwa wa faili. Tahadhari: `php://input` haitoi kitu fomu ikitumwa kwa `multipart/form-data`; huko ni `$_FILES` na `move_uploaded_file`, na kuna kikomo cha ziada, `upload_max_filesize`, ambacho ni 2M.

Jaribio la kwanza lilirudi na baiti 512. Orodha ya tarehe 4 ilikwishatoa jibu: EF BF BD. Kwenye msimbo wa kivinjari kulikuwa na `await blob.text()` iliyosalia kutoka toleo la awali, na hiyo husoma kila kitu kama UTF-8. Kuondoa neno moja kulitosha. Kwa picha za canvas tumia `toBlob`, achana na `toDataURL`.

Kuhusu herufi `b` katika `fopen($jina, 'wb')`: kwenye Linux haibadilishi kitu, na tangu PHP 4.3.2 baineri ndiyo chaguomsingi hata kwenye Windows. Tunaiandika hata hivyo. Anayenakili wazo hili kwenda Python atakutana na `'w'` tupu ambayo ni ya maandishi.

Gharama: saa mbili, nyingi zikiwa za kufuta msimbo wa zamani.

14 Februari: diski iliyojaa

Diski ndogo ya kujaribia:

```
mount -t tmpfs -o size=1m tmpfs /mnt/dogo
```

Tulituma faili la MiB 3. Jibu: 200. Kwenye diski: baiti 1,048,576. Logi ilijaa mstari uleule, `fwrite(): Write of 8192 bytes failed with errno=28 No space left on device`, lakini skripti haikuangalia `fwrite` imerudisha nini, basi ikaendelea kumwaga maji kwenye ndoo iliyojaa. Kitanzi kilichorekebishwa:

```php
$muda  = GHALA . '/.' . bin2hex(random_bytes(16)) . '.muda';
$ndani = fopen('php://input', 'rb');
$nje   = fopen($muda, 'xb');
$hashi = hash_init('sha256');
$jumla = 0;

while (!feof($ndani)) {
    $pande = fread($ndani, 65536);
    if ($pande === false || fwrite($nje, $pande) !== strlen($pande)) {
        fclose($nje);
        unlink($muda);
        http_response_code(507);
        exit;
    }
    hash_update($hashi, $pande);
    $jumla += strlen($pande);
}
```

Hali ya `x` inakataa kufungua faili ambalo tayari lipo, kwa hiyo majina mawili hayawezi kugongana na moja kulifuta lingine. Baada ya kitanzi, `$jumla` inalinganishwa na `$_SERVER['CONTENT_LENGTH']`. Zisipolingana mtumaji alikatika njiani, na faili linafutwa.

Hashi, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka baiti zote za faili, inalinganishwa na ile iliyokokotolewa na kivinjari na kutumwa katika kichwa cha ombi. Tulipoteza saa moja kwa kuwa `crypto.subtle` ilikuwa `undefined`. Kivinjari hakiitoi kwenye ukurasa wa http wa kawaida, isipokuwa localhost. Weka HTTPS kwanza.

17 Februari: jina la muda, kisha rename

Msomaji akifungua faili wakati bado linaandikwa anapata nusu. Dawa inajulikana: andika kwa jina la muda, kisha `rename`. Toleo letu la kwanza la dawa hiyo lilikuwa na makosa mawili.

Faili la muda lilikuwa `/tmp`, na ghala, yaani saraka ya kuhifadhia mafaili, liko kwenye diski nyingine. `rename` kati ya mifumo miwili ya faili si tendo moja: PHP hunakili kisha hufuta, na wakati wa kunakili msomaji anaona nusu ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Faili la muda lazima likae kwenye ghala lenyewe.

Tukahamia `tempnam(GHALA, 'p')`. Mafaili yakaandikwa vizuri, hashi zikalingana, na nginx ikajibu 403 (hairuhusiwi) kwa kila moja. `tempnam` huunda faili kwa ruhusa 0600, ya mwenyewe peke yake, na nginx inaendeshwa na mtumiaji mwingine. Zaidi ya hapo, saraka uliyoitaja ikiwa haiandikiki, `tempnam` inarudi yenyewe kwenye saraka ya muda ya mfumo na kutoa taarifa ndogo tu kwenye logi, yaani kosa la kwanza linaingia kwa mlango wa nyuma. Ndiyo sababu ya `random_bytes` na `'xb'` hapo juu: `fopen` inafuata umask (mpangilio wa mfumo unaopunguza ruhusa za faili jipya), na kwa umask 022 unapata 0644.

Kabla ya `rename` tunaita `fflush($nje)` na `fsync($nje)`. `fsync` imeingia PHP 8.1, kabla ya hapo haikuwepo. Bila hiyo, umeme ukikatika unaweza kukuta jina sahihi na faili tupu.

21 Februari: kutuma kwa vipande

Kwa mtandao unaokatika, faili linagawanywa katika vipande vya baiti 1,048,576, kila kimoja na namba yake kuanzia 0. Hapa ndipo mradi ulipokula muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote: siku tatu.

Kwanza tulifungua kwa `'ab'`, kila kipande kikiongezwa mwishoni. Faili moja kati ya yale ya majaribio lilizidi kwa baiti 1,048,576 kamili, na ukamilifu huo ndio uliotuonyesha njia: kipande kizima kimeingia mara mbili. Seva ilikiandika, jibu likapotea njiani, kivinjari kikakituma upya. `fseek` haisaidii, kwa kuwa katika hali ya `a` kila uandishi unakwenda mwishoni haidhuru umesogea wapi.

Tukajaribu `'wb'` pamoja na `flock`. Mbaya zaidi: `w` inafuta yaliyomo wakati wa kufungua, kabla kufuli haijaombwa. Kila kipande kilikuwa kinafuta vilivyotangulia.

Hali inayofaa ni `'cb'`, inayounda faili lisipokuwepo na kuliacha kama lilivyo likiwepo:

```php
$f = fopen($muda, 'cb');
flock($f, LOCK_EX);
fseek($f, $namba * 1048576);
```

Kipande kikija mara mbili kinajiandika juu yake chenyewe, na hakuna kinachoharibika. Namba lazima ihakikiwe kwanza kuwa si chini ya 0 na ni ndogo kuliko idadi iliyotangazwa. Bila hivyo mtu anaweza kutuma namba kubwa mno na kuunda faili la ukubwa wa ajabu.

Mtego wa mwisho ulijificha kwa siku mbili kati ya zile tatu. Skripti iliamua kwamba kazi imekwisha pale ukubwa wa faili unapofikia uliotangazwa. Lakini kuandika mbele ya mwisho wa faili kunaruhusiwa, na pengo linajazwa baiti 00. Kipande cha mwisho kikiwahi kufika, ukubwa unakamilika papo hapo huku katikati kuna utupu. Tulikuwa na sauti zenye urefu sahihi na ukimya wa sekunde kadhaa. Sasa kila kipande kilichoandikwa kinawekewa faili dogo tupu la alama, `0.ok`, `1.ok` na kuendelea. Alama zikitimia ndipo `hash_file('sha256', $muda)` inaitwa, na `rename` inasubiri hashi ilingane.

25 Februari: kusoma kurudi, 256 lakini si zilezile

Tulidhani kusoma ni kazi ya dakika kumi: `Content-Type`, `Content-Length`, `readfile`. Kipimo kilirudi na urefu sahihi, 256, na hashi isiyolingana. `xxd`:

```
00000000: 0a00 0102 0304 0506 0708 090a 0b0c 0d0e
```

Kuna 0A mbele, na FF ya mwisho haipo. Faili la mipangilio linaloitwa kwa `require` lilikuwa na mstari mtupu juu ya `<?php`. Mstari huo ukatoka kama sehemu ya jibu. `output_buffering` ilikuwa 4096, ndiyo maana hakukuwa na onyo lolote kuhusu vichwa kuchelewa. Kisha `Content-Length: 256` ikakata jibu kwenye baiti ya 256. Angalia urefu peke yake na utaapa kila kitu ni kizima.

Yaliyorekebishwa: mstari mtupu umeondolewa, `?>` ya kufungia imeondolewa katika mafaili yote ya PHP tupu, mhariri umewekwa uhifadhi UTF-8 bila BOM (alama ya mwanzo wa faili inayowekwa na baadhi ya wahariri; ingeonekana kama EF BB BF), na kabla ya `readfile` kuna `while (ob_get_level()) ob_end_clean();`.

27 Februari: majina na aina

Fupi. Jina la mtumaji haligusi diski. Faili linapewa herufi 32 za `bin2hex(random_bytes(16))`, na jina la asili linakaa kwenye hifadhidata. Aina inasomwa kwa `finfo` kutoka kwenye baiti zenyewe, kwa kuwa `$_FILES['f']['type']` ni maneno ya mtumaji. Ghala liko nje ya saraka ya wavuti, hivyo hata mtu akituma skripti ya PHP hakuna anwani ya kuiendesha.

Mafaili ya muda yaliyoachwa na waliokatika njiani yanafutwa kila usiku na cron, ratiba ya kazi ya Linux:

```
find /srv/ghala -name '.*.muda' -mmin +1440 -delete
```

Nukta ya mwanzo kwenye jina ina kazi hapa: toleo la kwanza la amri hii lilikuwa na `-name '*'`, na kwenye ghala la majaribio lilifagia kila kitu kilichozidi siku moja.